Nilikwenda Kuitazama Nyumba ya Wazee



Siku hizi neno "nyumba ya wazee" limeanza kusikika hata vijijini kwetu. Zamani mtu akizeeka alikaa kwa mwanawe, na mwanawe akifa alikaa kwa mjukuu, wala hapakuwa na swali. Lakini sasa vijana wengi wamekwenda Dar es Salaam na Mwanza kutafuta kazi, wengine wamekufa kabla ya wazazi wao, na wazee wamebaki peke yao katika nyumba zinazovuja. Ndipo watu huulizana: Je, haifai kumpeleka huyu kwenye nyumba ya wazee? Wengine hujibu upesi, ati huko wazee hutupwa kama maganda ya mihogo. Wengine husema, la, huko hula vizuri kuliko sisi. Nao wote hawajafika.

Mimi nimefika. Nimekaa huko siku mbili na usiku mmoja, na nimeona vema niwaeleze niliyoyaona, ili siku neno hili litakapoingia nyumbani mwenu mjue la kuuliza. Jina la nyumba ile sitalitaja, wala la mji wake. Nitasema mazuri yake na mapungufu yake, na si haki kuwaaibisha watu walionifungulia mlango.

SABABU YA SAFARI

Katika kijiji kimoja cha parokia yetu, magharibi ya Tabora, yuko bibi mmoja mjane. Hapendi jina lake liandikwe gazetini. Mwaka wa kuzaliwa kwake hakuna aujuaye, ila alikuwa amekwisha kuolewa bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961. Alizaa watoto watatu, na wote wamemtangulia. Wajukuu wako mijini, lakini simu zao hazipokelewi. Wakati wa mvua ukuta wa nyumba yake ulianguka, naye akahamia jikoni.

Macho yake ni mekundu, kama ya wanawake wengi waliopika kwa kuni miaka sitini katika jiko lisilo na dirisha. Nanyi wasomaji wa upande wetu mnajua jinsi macho mekundu ya bibi kizee yanavyosemwa na wapumbavu. Damu ya wazee wasio na kosa imemwagika katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, na chanzo kilikuwa moshi wa kuni tu pamoja na ulimi wa jirani. Basi mnong'ono wa namna hiyo ulipoanza karibu na jiko la bibi huyu, Padre aliita Halmashauri ya parokia upesi.

Nusu walisema apelekwe nyumba ya wazee, atakuwa salama. Nusu walisema hiyo ni aibu kwa ukristo wetu. Tulibishana mpaka jua likatua. Mwisho Padre akasema, "Kabla hatujasema ndiyo wala siyo, aende mtu akaone kwa macho." Nikachaguliwa mimi karani, kwa kuwa zamani nilisoma chuo cha ualimu, nami nimezoea kuuliza na kuandika majibu katika daftari.

MASWALI NILIYOPEWA

Kila mtu alinipa maswali yake. Padre alitaka kujua fedha zinatoka wapi, nani anaziandika, kama wagonjwa hupata Sakramenti, na kama wasio wakatoliki hupokewa sawa na wengine.

Muuguzi wa zahanati yetu aliniandikia karatasi nzima. Alisema: "Usitazame rangi ya ukuta. Tazama ngozi ya wale wasioweza kuinuka. Mtu asiyejigeuza mwenyewe hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo nyama ya kiunoni, ya nyonga na ya visigino hufa kwa kugandamizwa, na vidonda hutokea. Tazama kikombe cha maji kiko wapi, maana mzee hasikii kiu kama kijana, hukauka bila kujua. Tazama kucha. Tazama dawa zimeandikwa majina ya nani. Na nusa."

Mwisho nikaenda kwa bibi mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza safari yangu. Akanyamaza kitambo, akisukuma kuni motoni. Kisha akasema, "Mwanangu, mambo ya dawa waulize waganga. Mimi niulizie matatu. Je, jioni mtu huachwa akae nje? Je, yuko mtu wa kusema naye Kinyamwezi? Na mtu akifa, huzikwa kwa jina lake?"

Nikayaandika matatu hayo ukurasa wa kwanza, juu ya mengine yote.

NJIANI

Nilipanda basi alfajiri, na mchana nikawa Tabora. Mji ule una miembe mingi mno, mikubwa na yenye kivuli, nayo hukumbusha zamani za misafara ya pembe. Jioni nikapanda gari moshi la reli ya kale kuelekea mashariki. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga toka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ndani ya behewa tulikuwa tumebanana: mama na kuku wake, vijana wenye madumu ya asali, na babu mmoja aliyekuwa akipelekwa hospitali na mjukuu wake wa kike. Mtoto yule hakuwa na zaidi ya miaka kumi na minne. Kila gari liliposimama alimuuliza babu yake, "Babu, unataka kujinyosha?" Nikaandika hilo nalo daftarini.

Kabla ya reli, njia hii ilikuwa ya miguu. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Mtu alichukua frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, toka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi. Nikawaza usiku ule: sisi ni wajukuu wa watu waliojua kubeba, nasi leo twasikia watu wakisema kwamba mama mzazi ni mzigo.

SIKU YA KWANZA

Nyumba yenyewe iko mwendo wa nusu saa toka stesheni. Ni majengo manne ya matofali ya kuchoma, yamezunguka uwanja wenye mwembe mmoja. Wazee walikuwa 34, wanaume 19 na wanawake 15. Kuna Wakristo, kuna Waislamu, na kuna wasiofuata dini yo yote. Wanatunzwa na masista watatu, muuguzi mmoja na wahudumu watano. Serikali husaidia kidogo, waamini husaidia kidogo, na shamba la mahindi nalo husaidia kidogo.

Nilikuwa nimeandika barua kwamba nitafika, basi nilitazamiwa. Mashuka yalikuwa meupe. Sakafu ilikuwa bado na maji ya kufagilia. Wazee waliketi mstari chini ya mwembe wakaniimbia wimbo wa kumkaribisha mgeni, isipokuwa babu mmoja aliyekuwa akisinzia, akaguswa bega aimbe. Nikapewa chai na maandazi.

Kama ningerudi siku ile, ripoti yangu ingekuwa ya sifa tupu. Lakini mwalimu ye yote ajua shule inavyokuwa siku ya mkaguzi. Basi nikamwomba Sista Mkuu ruhusa ya kuingia saa yo yote, bila kusindikizwa. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Njoo. Na utakayoyaona yaandike yote, hata yale mabaya. Huenda yakitoka gazetini mtu atatuletea sabuni."

Wasomaji, shikeni jambo hili la kwanza. Nyumba inayokukubalia uje saa usiyotazamiwa imekwisha kukuambia neno kubwa juu yake. Na nyumba inayokuonyesha sebule tu imekwisha kukuambia pia.

SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI

Nilifika kukiwa bado giza, mlinzi akanifungulia. Usiku kucha mhudumu alikuwa mmoja tu, mama wa makamo, kwa wazee wote 34. Katika jengo la wanaume harufu ya mkojo ilinipokea mlangoni. Wazee wawili walikuwa wamelowa tangu usiku, na mama yule alikuwa hajawafikia kwa sababu mmoja katika jengo la wanawake alianguka akienda chooni, akakaa naye.

Hilo ni pungufu, nami nililiandika. Lakini niliandika na hili: alipomfikia babu wa kwanza, hakumvuta shuka. Alisimama upande wa uso wake akasema, "Shikamoo Babu. Umelowa kidogo. Naomba nikugeuze." Akangoja mpaka babu akaitikia, ndipo akaanza kazi. Alimfunika sehemu aliyokwisha kuiosha kabla ya kufunua nyingine. Alipomaliza alimvalisha kofia yake, maana babu alikuwa akiinyoshea mkono. Nilihesabu kwa saa yangu: kazi ile ilichukua dakika kumi na tano. Kwa wazee kumi wasioinuka, hesabu wewe mwenyewe muda wake. Moyo wa mama yule haukupungua, mikono ndiyo iliyopungua.

Kulipokucha nikafuata karatasi ya muuguzi wetu, neno kwa neno. Kucha zilikuwa zimekatwa. Dawa zilikuwa katika kabati lenye kufuli, kila kopo na jina la mtu mmoja, na daftari lenye alama ya kila mara aliyopewa. Maji yalikuwapo, lakini kwa wazee watatu wasioinuka kikombe kilikuwa juu ya dirisha, mahali wasipoweza kukifikia. Nilipomwonyesha Sista, hakujitetea. Aliwasogezea vikombe mwenyewe, akamwita mhudumu wa zamu akamwonyesha.

Ukutani palikuwa na karatasi ya kuandika saa ambazo kila mgonjwa amegeuzwa. Safu za mchana zilijaa. Safu za usiku zilikuwa na mapengo.

Muuguzi wa nyumba ile alinionyesha kidonda cha mzee mmoja, kiunoni. Kilikuwa kama sarafu. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Ndugu Karani, usitikise kichwa upesi. Mzee huyu aliletwa nacho toka kwao, kikiwa kikubwa kama kiganja changu. Alilala juu ya ngozi ya ng'ombe miezi mitano, na watoto wake walikuwamo mle nyumbani. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu hugeuzwa."

Nalikaa kimya. Nilikuwa nimekuja kuipima nyumba ya wazee, lakini kidonda kile kilikuwa cha nyumba ya kijijini, kama zetu.

WAZEE WENYEWE WASEMAVYO

Kuuliza wazee mbele ya wahudumu hakufai. Bibi mmoja nilipomuuliza anatunzwaje, kwanza alimtazama mhudumu, kisha akasema, "Vizuri sana." Nikangoja. Mhudumu alipokwenda jikoni, bibi akasema, "Chakula kipo, mwanangu, na hawanipigi. Ila hakuna anayeniuliza kitu. Kwetu nilisuka mikeka, watu wakaja kutoka mbali kuinunua. Hapa sina hata ukindu. Siku ni ndefu."

Kinyume chake, yuko mzee aliyepewa kazi ya kugonga kengele ya chakula. Mguu wake mmoja umekatwa, lakini kila siku yuko penye kengele mapema kuliko wote, naye alinieleza sheria za kengele ile kana kwamba ni stesheni masta. Sijaona mzee mwingine pale mwenye uso wa furaha kama ule. Mtu aliyelima na kulea na kuamua mashauri miaka hamsini, ukimpa uji na shuka tu, umempa nusu.

Kitabu cha wageni nacho kilisema mengi. Kurasa za Desemba zilijaa majina: kwaya, vyama, shule, familia. Mwezi wa Februari wote una majina mawili. Sabuni iliyoletwa Noeli ilikuwa imekwisha zamani.

MAJIBU YA BIBI YETU

Swali la kwanza: Je, jioni mtu huachwa akae nje? Ndiyo. Wale wasioweza kutembea hutolewa kwa viti vya magurudumu, nao hukaa chini ya mwembe mpaka jua litue. Hakuna mlango uliofungwa kwa nje, wala sikuona mtu aliyefungwa kitandani.

La pili: Je, yuko mtu wa kusema naye Kinyamwezi? Yuko mzee mmoja, mtu wa Urambo. Kwa bahati mbaya ni kiziwi.

La tatu: Je, mtu akifa huzikwa kwa jina lake? Sista alinipeleka nyuma ya shamba. Wakristo wana misalaba ya mbao iliyoandikwa majina na miaka. Waislamu huzikwa kwa taratibu zao, shehe wa msikiti wa jirani huitwa, na makaburi yao hutunzwa upande wa pili. Lakini makaburi manne yalikuwa na tarehe tu. Sista akasema, "Hawa waliletwa wakiwa hawawezi tena kusema. Tulituma habari kila mahali. Hakuna ndugu aliyekuja kutuambia wanaitwa nani." Tuliwaombea, tukarudi.

KITANDA CHA MTAKATIFU MMOJA

Jioni Sista alinikumbusha habari za Mtakatifu Jeanne Jugan. Alizaliwa Cancale, Ufaransa, mwaka 1792, binti wa mvuvi, akafanya kazi ya utumishi majumbani. Wakati wa baridi wa mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan, alimchukua bibi mmoja kipofu aliyepooza upande mmoja, jina lake Anne Chauvin, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Yeye akaenda kulala darini. Baada ya huyo wakaja wengine, naye akashika kikapu akaenda kuwaombea mlango kwa mlango. Ndivyo lilivyoanza shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao wana nyumba mpaka Nairobi, nayo huitwa Nyumba ya Wazee. Jeanne alikufa mwaka 1879, na Papa Benedikto wa 16 akamtangaza Mtakatifu mwaka 2009.

Habari hii ilinipa swali moja la kuongeza katika daftari: Kitanda kilicho bora katika nyumba hii ni cha nani? Nikachungulia. Katika nyumba ile magodoro mapya yalikuwa ya wazee wasioinuka, na masista walilalia ya zamani. Nikaweka alama ya ndiyo. Nawe msomaji, kabla hujaendelea kusoma, tazama nyumbani kwako: godoro lililochakaa kuliko yote amelalia nani?

NILIVYOSEMA HALMASHAURI

Nilirudi nikasoma ripoti yangu yote. Nilisema: nyumba ni ya heshima, chakula kipo, dawa zinatunzwa, watu hawapigwi wala hawafungiwi, dini haibagui. Mapungufu ni matatu: usiku mikono haitoshi, maji yako mbali na wasioinuka, na wazee wengi hawana la kufanya. Nikaeleza pia kidonda na mahali kilipotoka.

Kisha Padre akasoma jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Serikali yetu ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Kwa sera hiyo mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Wa kwanza kumtunza ni familia na jamii inayomzunguka, na makao ya wazee ni hatua ya mwisho kwa asiye na msaada. Na sera hiyo ilisema kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika hospitali na zahanati za serikali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu, na karibu sita katika kila mia ni wazee wa umri huo. Hakuna idadi ya majengo itakayowatosha.

Mzee mmoja wa Halmashauri, ambaye babu yake alikuwa mpagazi, akasimama akasema, "Pembe ndogo mtu alibeba peke yake. Pembe kubwa ilitiwa kwenye mti, wakabeba wawili. Hakuna aliyeitupa njiani kwa sababu ni nzito. Sisi tumetaka mtu mmoja ambebe bibi huyu peke yake, ndiyo maana hakuna aliyetaka kuanza."

Siku ya pili yake tulikwenda kwa bibi, Padre, katekista, muuguzi na mimi, nikamsomea majibu yake matatu. La kwanza alilipenda. La tatu alilinyamazia, akafanya ishara ya msalaba. La pili alicheka mpaka akakohoa. "Mtu mmoja, naye ni kiziwi! Basi nitasema peke yangu, watu waseme ndio nimekuwa mchawi kweli." Kisha akasema waziwazi: atakaa hapa, kama watu wa hapa wanamtaka. Na kama hawamtaki, wamwambie usoni, atakwenda kwa masista bila kinyongo.

Padre alitangaza neno hilo Jumapili kanisani, mbele ya wote, na wenye mnong'ono walisikia. Mwenyekiti wa kijiji naye alisema lake mkutanoni, kwamba atakayemgusa au kumtisha bibi atafikishwa polisi. Katekista akatoa sehemu ya kiwanja chake. Jumuiya tatu zikafyatua matofali, zikajenga chumba chenye dirisha pande mbili, na jiko lenye bomba la moshi. Tukaandika zamu: maji, kuni, kufua, kulala. Karatasi ya zamu imebandikwa mlangoni, ya kutiwa alama, kama ile niliyoiona ukutani kwa masista.

Nisiwadanganye. Mwezi wa kwanza zamu ilikatika mara mbili, na mara moja bibi alilala bila maji. Tuliona kwa sababu karatasi ilikuwa na pengo. Tukaitana tukarekebisha. Na tumekwisha patana naye kwamba siku atakaposhindwa kuinuka, nasi tukaona mapengo yanazidi alama, tutamwandikia afisa ustawi wa jamii wa wilaya na kuuliza nafasi kwenye nyumba ya wazee, kwa idhini yake mwenyewe. Siku hiyo haitakuwa siku ya aibu. Aibu ni kumweka mtu nyumbani kwa jina tu, alale juu ya kidonda, tukijisifu kwamba sisi hatupeleki wazee wetu kwa wageni.

MASWALI YA KUTUMIA

Wasomaji wapenzi, kidole kimoja hakivunji chawa. Ikiwa mnafikiri kumpeleka mzee katika nyumba ya wazee, nendeni watu wawili, na nendeni mara mbili: mara moja mkiwa mmepeleka habari, na mara moja alfajiri au usiku. Ulizeni haya:

Usiku wahudumu ni wangapi, kwa wazee wangapi?

Wasioinuka hugeuzwa saa ngapi, na imeandikwa wapi?

Maji yako mahali mkono wa mzee unapofika?

Dawa zina majina, na nani anazo funguo?

Mhudumu humwambia nini mzee kabla ya kumgusa?

Mzee ana kazi gani, hata ndogo, na nani wa kusema naye lugha yake?

Kitabu cha fedha na kitabu cha wageni vinaonyeshwa?

Makaburi yana majina?

Na mzee mwenyewe amesemaje?

Yaandikeni majibu, msitegemee kichwa. Kisha, ikiwa mzee amebaki kwenu, chukueni karatasi ile ile, mwondoe yale ya fedha na wageni, mkaulize yaliyosalia katika nyumba yenu wenyewe, mkianzia na ngozi ya kiunoni na kikombe cha maji.

Tena, kama iko nyumba ya wazee karibu na parokia yenu, msingoje Noeli. Nendeni mwezi wa Februari, siku ya Jumanne, mkiwa na vipande vya sabuni na fungu la ukindu. Tieni majina yenu katika kitabu, kisha kaeni chini ya mti, muwaulize wazee habari za kwao.